Kiti na hedresti (kiegemeo cha kichwa) ya IST, safari ndefu Tabora–Kigoma: nirekebishe vipi?

Dereva_Ipuli:
Wakuu, habari za humu. Gari ni Toyota IST, gia otomatiki, njia ni Tabora–Urambo–Kaliua hadi Kigoma. Kufika Uvinza kiuno kinawaka na shingo imekaza. Mgongo wa kiti nimeulaza, hedresti iko chini kabisa, na nimekalia mto wa sponji ili nione boneti vizuri. Nianzie wapi?

Fundi_Ngambo:
Mkuu, toa kwanza huo mto. Sponji inabonyea, hivyo gari likigonga nyonga zako zinateleza chini ya mkanda, nao unapanda tumboni kunakoumia haraka. Tena mto umekuinua wewe, hedresti imebaki palepale. Kama kiti kina kishikio cha kupandishia ubavuni, tumia hicho.

Halafu fuata mpangilio, maana ukianza na kimoja nje ya zamu yake kinaharibu kingine. Gari limesimama, gia P, handibreki juu, injini inaunguruma. Makalio yagote kabisa nyuma. Kanyaga breki kwa nguvu mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Nasisitiza injini iwe inawaka, kwa sababu ikizimwa, busta (kifaa kinachoipa pedali ya breki nguvu ya ziada) inaishiwa nguvu ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu na kubaki juu. Utapima umbali wa uongo.

Ukiachia kishikio cha kusogezea, jisukume mbele na nyuma. Reli ziko mbili. Mchanga au sarafu ikinasa upande mmoja, kiti kinashika reli moja tu, na ukifunga breki ghafla kinaweza kuchomoka. Safisha kwa brashi kavu kabla ya kufikiria grisi.

Sasa simamisha mgongo wa kiti, nyuzi 100 hadi 110 zinatosha. Mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kikae juu ya usukani. Kutoka kifuani hadi katikati ya usukani pasipungue sentimita 25, maana eabegi (mfuko wa hewa wa kujikinga) inafumuka kwa nguvu nyingi.

Kazeh_Dada:
Naongezea hedresti. Kazi yake kubwa ni pale unapogongwa kwa nyuma: kiti kinasukuma kiwiliwili mbele, kichwa kinachelewa, shingo inapinda kurudi nyuma. Ikiwa chini, kichwa kinapinda juu yake na jeraha linazidi. Ukingo wake wa juu ulingane na utosi. Kwa mtu mrefu isipofika, angalau ivuke ncha za juu za masikio. Nafasi kati yake na kisogo iwe sentimita 5 au 6, yaani vidole vitatu vilivyobanwa pamoja. 10 ni mbali mno. Ukilaza kiti ndiyo inaongezeka, kwa hiyo hedresti ipangwe baada ya mgongo wa kiti.

Kupandisha, ivute tu, inalia "ta" kila ngazi. Kushusha, bonyeza kitufe kilicho kwenye shina la nguzo moja. Ukimaliza, ikandamize bila kugusa kitufe, ikishuka, haijashika. Kava nyingi za kushona zinafunika kitufe hicho, zikatwe hapo. Na ubavu wa kiti ukiwa na lebo ya eabegi, kava isiufunike.

Kwa kina dada: nywele zikifungwa kifundo kisogoni zinasukuma kichwa mbele. Kifundo kisogezwe juu utosini au nywele ziachwe chini.

Dereva_Ipuli:
Ahsanteni sana. Na kiuno? Abiria wa nyuma je?

Fundi_Ngambo:
Kunja taulo dogo kama bomba la unene wa sentimita 3 au 4, liweke kwenye mbonyeo wa kiuno juu kidogo ya mkanda wa suruali. Likipanda juu zaidi linakusukuma mabega mbele, basi shingo inaanza upya. Nyuma ya magoti, vidole viwili au vitatu viingie kabla ya ukingo wa kiti. Na kila saa mbili shuka utembee. Hakuna kiti kinachomaliza uchovu wa kukaa.

Hedresti za nyuma zikiwa zimelala chini, zinagusa mgongoni tu. Abiria akikaa, mvutie juu mpaka zilie "ta". Mkanda wa chini ushike mifupa ya nyonga, wa juu upite katikati ya bega, usipite kwapani. Mama mjamzito: wa chini ukae chini ya tumbo, wa juu upite kati ya matiti.