SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) nimepata 1340, nirudie au nitume maombi hivi hivi?

Habari wakuu. Majibu yangu yametoka, hesabu 730, kusoma na kuandika 610. Hesabu sina neno nayo ila hiyo 610 inaniuma manake kwenye majaribio ya Bluebook (programu ya kufanyia SAT kwenye kompyuta) huwa napata zaidi ya hapo. Vyuo viwili vya Marekani ninavyovitaka vyote vinadai alama za mtihani na dedlaini ya maombi ya mapema ni tarehe 1 Novemba, kwa hiyo nikirudia ni ule wa Oktoba tu. Je nikishuka wataniona vipi? Na naogopa maandalizi yatakula muda wa insha za maombi. Mliopitia naombeni ushauri.

tumaini_k: Kushuka kusikutishe mkuu. Vyuo vingi vinachukua alama yako ya juu ya kila sehemu hata kama ni tarehe tofauti, hiyo 730 umeshaiweka kibindoni, ukipata tuseme 680 kule kwingine wanakuhesabia 1410 hata hesabu ikianguka. Ila soma utaratibu wa kila chuo, kuna wanaotaka uwatumie matokeo ya mara zote.

mwl_jioni: Mimi nafundisha hii kitu. Kabla hujalipia angalia unapoteza wapi. SAT ya kompyuta kila sehemu ina nusu mbili, ukifanya vizuri ya kwanza ya pili inakuja ngumu na huko ndo kuna alama za juu, ukiteleza mwanzoni unaletewa rahisi na hata ukipata yote huwezi kufika juu. Kusoma na kuandika ni maswali 54 dakika 64, wengi wanakimbizana na saa wanaharibu pale pale mwanzo. Na usiache swali wazi, kukosa hakupunguzi alama.

Zuhura_M: Naomba nitofautiane kidogo. Tafuta kwanza alama za waliopokelewa mwaka jana, vyuo vingi vinatoa robo ya chini (alama ambayo robo ya waliopokelewa wako chini yake) na robo ya juu (ambayo robo wako juu yake). Kama 1340 iko katikati, malizia insha kwa sababu insha mbovu haiokolewi na alama 50 za ziada. Kama iko chini ya robo ya chini, hapo rudia tena kwa nguvu zote.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimeangalia, chuo kimoja niko katikati, kile ninachokitaka zaidi niko chini kabisa, so najisajili wa Oktoba. Insha nitaandika asubuhi kichwa kikiwa kizima, mazoezi jioni. Mwalimu, makosa yangu mengi ni ya sarufi, nianzie wapi?

mwl_jioni: Basi una bahati, sarufi inapanda haraka kuliko kuelewa habari manake kanuni ni chache na zinajirudia. Anza na mipaka ya sentensi, wapi nukta, wapi mkato, wapi nukta-mkato. Khan Academy, tovuti ya masomo, wana mazoezi yake bure. Kila ulilokosa andika kwa nini umekosa, usiende mbele kabla hujaelewa.