SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani): majaribio 1400, mtihani wenyewe 1290. Pengo linatoka wapi?

Swali
Wadau, mtu akipata 1400 mara tatu kwenye majaribio ya Bluebook (programu rasmi ya SAT) nyumbani, kisha mtihani halisi ukampa 1290, tatizo huwa wapi? Arudie haraka au abadili kwanza maandalizi?

Jibu la 1
Anzia moduli ya kwanza. Kila sehemu (Kusoma na Kuandika, kisha Hisabati) ina moduli mbili, yaani mafungu mawili ya maswali, na ugumu wa ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiteleza mwanzoni unapelekwa kwenye moduli rahisi, na huko alama za juu kabisa huzifikii hata ukipata yote. Ndiyo maana makosa ya pupa ya mwanzoni yanagharimu sana.

Jibu la 2
Mkuu, majaribio yenyewe yalifanywaje? Kusoma na Kuandika ni maswali 27 kwa dakika 32, Hisabati 22 kwa dakika 35, kila moja mara mbili. Aliyesimamisha saa apokee simu, au aliyerudia jaribio lilelile, 1400 yake si ya kuaminika. Afungue jaribio jipya asubuhi, akae kikao kimoja, mapumziko dakika 10 tu, kwenye kompyuta atakayoibeba siku ya mtihani. Alama hiyo ndiyo ya kupangia tarehe ya kurudia.

Jibu la 3
Naongeza: swali la Hisabati likipita dakika mbili, chagua jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Kukosa hakupunguzi alama, ila huwezi kurudi kwenye moduli iliyofungwa. Vyuo vingi vya Marekani huunganisha alama bora za kila sehemu kutoka tarehe tofauti, kwa hiyo arudie. Asome kwanza sera ya chuo anachokitaka.