Ushauri: mchango wa barabara mtaani kwetu Goba, tulipe sawa au kila kaya kwa uwezo wake?

Bondeni_Goba:
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu, Jumapili tuna kikao cha mtaa na mimi ndo katibu wa kamati ya barabara. Tuko Goba, Dar, ndani huku kwenye vilima, ukitoka lami unashuka bonde unapanda tena, masika ikianza kile kipande cha bondeni kinakatika kabisa. Boza la maji halishuki, bodaboda ya buku inakuwa buku tatu na wengine wanakataa kabisa, mgonjwa anabebwa mpaka juu. TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tumeshapeleka barua, tupo kwenye foleni kama mitaa mingine, ila mvua haisubiri.

Sasa tumepiga hesabu ya greda, kifusi na makalavati mawili, inakuja kama milioni 9. Kaya tuko 60, kwahiyo mwenyekiti akasema rahisi tu, kila kaya 150,000. Hapo ndo mtaa umegawanyika. Kuna wenye maghorofa wanasema hata leo wanatuma, kuna mama anauza maandazi na watoto wanne anasema hiyo hela hajawahi kuishika kwa pamoja tangu mwaka uanze. Alafu kuna mjumbe katoa wazo kila kaya ijaze fomu ya kipato ili tupange madaraja. Mimi naona ni haki mwenye nacho aongeze, ila kipato cha mtu utakijuaje? Kwa wale mliopitia hii ishu mitaani kwenu mlifanyaje?

Kifusi_Madale:
Mkuu hiyo fomu ya kipato itupeni mapema. Hakuna mtu ataandika ukweli pale, mfanyabiashara ataandika laki mbili, mwenye mshahara ndo ataonekana tajiri sababu yeye slip yake inajulikana. Sisi huku Madale tulitoza sawa kwa wote ila kwa awamu, na walioshindwa hatukuwafuata. Ukianza kupanga majirani kwa vipato hamtasalimiana tena.

Salary_Slip:
Naunga mkono hapo kwenye mshahara, watu wanatuona wa ofisini tuna hela sana. Chukua mtu wa milioni moja kabla ya makato. NSSF ya akiba ya uzeeni inaondoka laki moja, PAYE yaani kodi ya mshahara kwenye ile laki tisa iliyobaki ni 103,000, inabaki 797,000. Kama alisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000 nyingine, anaingia nyumbani na 647,000. Hapo hajagusa ada, nauli ya Goba mpaka Posta kila siku, wala mama yake kijijini. Mtaani anaitwa bosi na kila mchango anategemewa yeye.

Mama_Wawili:
Mimi nitaongelea nyumba maana ndo watu wanapokosea zaidi. Jirani yangu mwalimu mstaafu, nyumba yake ina vyumba vinne, vigae, geti zuri, ukipita unasema hapa hela ipo. Kumbe ile nyumba imejengwa tofali kwa tofali miaka zaidi ya kumi na mumewe ambaye sasa ni marehemu, leo anaishi na pensheni, wajukuu watatu wako kwake na dawa za presha kila mwezi. Kwenye chumba cha uani kapanga kijana wa miaka ishirini na kitu ana gari na kazi nzuri. Nyie kamati mkipita na daftari mnamwandikia bibi, kijana mnampita anawapungia mkono. Tafadhali katibu msiangalie geti.

Bondeni_Goba:
Dada hapo umenigusa, maana orodha tuliyonayo imepangwa hivyo hivyo kwa nyumba, na kuna pagale tumeruka kabisa kumbe ndani anaishi mlinzi na mke na mtoto. Sasa kama sio nyumba na sio fomu, tuangalie nini?

Takwimu_za_mtaa:
Katibu, hata wataalamu wa serikali hawapimi umaskini kwa kumuuliza mtu unaingiza ngapi. Utafiti wa bajeti ya kaya wanauliza mmekula nini, mmenunua nini, mmelipia nini, sababu kipato cha mtu wa biashara ndogo kinapanda na kushuka kila wiki na mwenyewe hakijui vizuri. Ule wa 2017/18 ulikuta wastani wa matumizi ya kaya Tanzania Bara ni 416,927 kwa mwezi, na mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ukawekwa 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Bei zimepanda tangu hapo, najua, na Dar matumizi ni makubwa zaidi, ila pata picha, 150,000 kwa mkupuo ni zaidi ya theluthi ya mwezi mzima wa kaya ya wastani wa kipindi kile. Kwa mama wa maandazi ni chakula cha watoto unakiomba.

TASAF, wale wa ruzuku za kaya maskini, nao wanaanza na wananchi wenyewe kwenye mkutano kutaja kaya ambazo hali ni mbaya, ndo uhakiki unafuata. Nyie mnajuana, hizo kaya chache mnazifahamu bila fomu.

Kifusi_Madale:
Kwenye mkutano mtu atajwe mbele ya majirani kwamba ni maskini? Mimi hapana, bora nikope nilipe.

Takwimu_za_mtaa:
Haki yako mkuu, sio mbele ya watu. Mjumbe na katibu tu wakae wawili.

Fundi_Kalavati:
Nimefanya hizi kazi mitaa mingi, inayofanikiwa ni ile mtu anachagua mwenyewe daraja. Weka matatu, laki tatu, laki na nusu, elfu hamsini. Tuseme kaya 15 zichukue la juu unapata milioni 4.5, kaya 25 la kati ni 3,750,000, kaya 15 la chini ni 750,000, hiyo ni milioni 9 kamili na kaya 5 hazijadaiwa hata mia. Wape miezi mitatu. Na wale wa la juu wafuate kabla ya kikao mmoja mmoja, wakishaahidi wanne watano kikao kinakuwa chepesi. Alafu kwenye grupu la wasap andikeni jumla iliyopatikana na risiti za kifusi, majina na kiasi cha mtu visiwekwe. Nimeona mtaa mmoja waliweka orodha ya wasiolipa, watu wakajitoa grupu na hela haikuja.

Mama_Wawili:
Na asiye na hela akitoa siku ya kazi ihesabiwe mchango kamili, sio afanye alafu aje adaiwe tena.

Bondeni_Goba:
Asanteni sana, la madaraja ya kuchagua nalipeleka, na lile la majina kutokuwekwa kwenye grupu nitalisimamia mwenyewe. Limebaki moja, wapangaji. Wanasema barabara ikiwa nzuri kodi inapanda, kwahiyo walipie kupandishiwa kodi?

Salary_Slip:
Wako sahihi. Thamani ya kiwanja inabaki kwa mwenye nyumba, yeye ndo alipe. Mpangaji mwenye gari muombe ya hiari, wengi watatoa maana shokapu wananunua wao.

Bondeni_Goba:
Sawa mkuu, wenye nyumba wasiokaa hapa ni kama tisa na namba zao anazo mjumbe, naanza kuwapigia leo usiku.