Mama ananiambia "tuombee chakula" na mimi sina tena ninayemwomba

Mwana_wa_Mvumi

Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri, hasa kwa aliyewahi kupita njia hii.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, hapa Dodoma mjini. Kwetu ni Mvumi. Nimebatizwa Anglikana, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya miaka mingi. Marehemu baba alikuwa katekista. Hakuna mchungaji aliyenikosea. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemgusia habari hii ananiuliza nani alinikwaza.

Kilichonitoa ni mvua. Shuleni tuna kipimamvua, na kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nakisoma kila saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari. Dodoma tunapata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kanisani kwetu ibada ya kuombea mvua huwa mwishoni mwa Novemba. Ikija, tunashukuru. Ikikatika Januari uwele ukanyaukia shambani, tunaambiwa tutubu. Usiku mmoja nikiwa na lile daftari nikakumbuka simulizi ya babu, jinsi wazee wa Kigogo walivyokuwa wakipeleka kondoo mweusi kwa mtemi mwenye mawe ya mvua, majira yaleyale mawingu yanapoanza kujikusanya. Baba alitufundisha kwamba lile lilikuwa giza. Nilitafuta tofauti kati ya lile na letu, sikuiona.

Nikarudi kwenye Biblia, sikutaka kuamua kwa haraka. Mathayo 1 inasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka 3 inasema ni Eli. Sura zote mbili nilishazisoma kanisani kwa sauti, ila sikuwahi kuziweka pamoja. Niliuliza, nikapewa majibu ya aina tatu, kila mmoja na lake. Tangu 2019 siamini kwamba Mungu yupo. Sina hasira na mtu.

Shida yangu ni mezani. Nikienda kwa mama, ugali wa uwele ukishatengwa na mlenda wake, tukinawa, ananigeukia: "Haya mkubwa, tuombee." Wajukuu wanafumba macho. Nami naomba, maneno yaleyale ya baba, neno kwa neno. Namdanganya mama yangu mbele ya chakula alichopika mwenyewe, na inaniuma kuliko nilivyotegemea. Nimwambie? Ana miaka 71 na presha. Jumamosi naenda.

Bibi_Kongwa

Mwanangu, mimi ni mama wa rika la mama yako, naamini na nitakufa nikiamini. Sitakutukana.

Ila daftari lako halijapima kitu kimoja. Bibi yangu alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita ya Kwanza. Majeshi, ya Mjerumani na ya Mwingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Alizika ndugu zake. Aliomba mpaka uzee wake, na hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba mvua inaweza isije. Usidhani sisi tunaoomba Novemba hatujui Desemba inafuata. Siku ile tunakaa pamoja kabla ya kujua nani atavuna na nani ataomba unga kwa jirani.

Mama yako mwambie. Mama anajua mtoto anapoongea na asipokuwepo.

Jembe la Kale

Upagani huo. Rudi kanisani, acha kusumbua mzazi.

Mnyaturu_Huru

Mkuu, mimi nilikuwa Mkatoliki, Singida. Kwanza usitishwe na neno upagani. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa mawazo na imani, na kubadili pia. Mimi tulifunga ndoa bomani, tukatoa taarifa siku 21 kabla kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na maisha yanaenda.

Lakini sheria haikai mezani na mama. Mzee wangu nilimwambia tukiwa shambani, tunapalilia, kila mtu anatazama mstari wake. Hakuuliza habari za Mungu hata kidogo. Aliuliza: "Nikifa, utakuja kanisani kunizika?" Nikamwambia nitabeba jeneza na nitakaa mpaka mwisho wa ibada. Akaendelea kupalilia. Kwa hiyo jiandae na swali hilo kuliko maswali ya Yusufu na Eli. Na usimwambie mbele ya watoto.

Mwana_wa_Mvumi

Shikamoo Bibi Kongwa, asante sana. Maneno yako kuhusu bibi yako nimeyasoma mara nyingi. Hayajanirudisha, ila yameniondolea dharau ambayo sikujua ninayo.

Nimerudi jana. Jumamosi mama aliponigeukia nilisema, "Mama, leo naomba uombe wewe." Akanitazama kidogo, akaomba kwa Kigogo, akimwita Mulungu kama bibi alivyokuwa akimwita. Sikufumba macho. Niliangalia mikono yake, ina ufa kwenye kidole gumba cha kulia, wa kupura uwele.

Usiku watoto wamelala, tunaosha vyombo, akauliza: "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu 2019.

Akasuuza sufuria, akaifunika. "Ndiyo maana. Baba yako alikuwa akiomba anasimama katikati, anatafuta neno. Wewe siku hizi husimami."

Alilia kidogo, nami nililia. Kisha akaniuliza lile swali la mazishi, Mnyaturu, karibu kama ulivyoliandika. Nilimjibu nitakuwepo na nitaimba, kwa sababu nyimbo zile bado nazijua.

Jumapili asubuhi alienda ibadani bila kunigongea mlango. Alikuwa ameniachia uji wa moto, umefunikwa na sahani.

Sijui atamwambia nini mchungaji. Nikipata habari nitaandika.