Jengo la ofisi Arusha: nibaki na taa za tyubu au niweke paneli za LED?

MsimamiziJengo
Habari zenu wakuu. Nasimamia jengo la familia hapa mjini, jirani na Barabara ya Sokoine. Chini ni maduka, kila moja na LUKU yake. Ghorofa mbili za juu ni ofisi, LUKU ni moja na umeme umo ndani ya kodi, kwa hiyo nanunua mimi. Huko juu silingi ina taa za mraba 40, kila moja tyubu nne za wati 18, za choki (kidhibiti cha umeme wa tyubu) na stata (kiwashio). Korido na ngazi ni tyubu za futi nne. Haipiti wiki bila moja kupepesa au kuvuma, na daktari wa meno ameshachoka kulalamika. Fundi anataka milioni 2.6, vifaa na kazi, aweke paneli za LED za wati 40. Mzee anasema ninunue stata mpya yaishe. Nifanyeje?

FundiKaloleni
Mkuu, taa yenye tyubu nne za 18 haili wati 72 tu. Choki nazo zinakula, weka 85. Paneli 40. Unaokoa 45 mara taa 40, wati 1,800. Zikiwaka saa 9 kwa siku 25 ni yuniti 405 kwa mwezi. Yuniti ya T1, bei ya wateja wa kawaida, ni shilingi 292, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Hapo ni 144,000 na ushee kila mwezi. Hela inarudi ndani ya mwaka na nusu.

BintiNjiro
Hesabu tamu hiyo, ila nani anawasha taa zote saa 9 na jua lote hili? Ofisi za upande wa madirisha mchana huwa zimezima. Zikiwaka nusu ya muda huo, mwaka na nusu unageuka miaka mitatu. Kaka, pita mwenyewe saa nne asubuhi na saa tisa alasiri uone ngapi zinawaka, ndipo umjibu fundi.

FundiKaloleni
Hapo umenikamata dada. Basi aanze na korido na ngazi, maana kule giza ni la kudumu. Tyubu ya futi nne na choki yake ni kama wati 45, ya LED ni 18. Ikiwaka saa 12 kila siku, unaokoa karibu yuniti 10 kwa mwezi, shilingi 3,400 hivi. Hata ukinunua tyubu ya LED kwa 12,000, miezi minne imejilipa.

Ila usimwachie kijana yeyote aichomeke tu. Nyingine zinataka moto na nyutro upande mmoja, nyingine huku na huku, na choki inatolewa. Ukikosea unapiga shoti. Fremu ikishafungwa upya, bandika karatasi yenye maandishi makubwa, asije mtu mwakani akarudishia tyubu ya zamani.

ChaliiWaSakina
Mzee aachwe na stata zake 😂

MamaVitenge_Moshi
Mimi niko Moshi, nauza vitenge. Wanangu, msiangalie wati peke yake. Niliwekewa LED za bei ya kutupa, wateja wakawa wanabeba kitambaa mpaka mlangoni waone rangi yenyewe. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi. Ofisi 80 inatosha, duka la nguo na huyo wa meno tafuta 90. Tena ile nyeupe ya kelvini 6,500 inachosha macho, kwa ofisi 4,000 ni nzuri.

BintiNjiro
Asante mama. Naongezea: kinachokufa mapema ni draiva, kile kifaa kinachoipa LED umeme, vidoti vya LED vyenyewe vinadumu. Akinunua paneli ambayo draiva inabadilishwa peke yake, hatatupa paneli nzima. Volti za draiva nazo asome, zile za 100 hadi 240 hazijali umeme ukilegea jioni, wakati tyubu ya stata hapo inahangaika kuwaka. Na aelekeze kamera ya simu kwenye taa, ikionyesha michirizi mizito asiichukue, hiyo inapepesa.

MsimamiziJengo
Nimewaelewa. Nimepita saa tisa, ofisi za nyuma zote zinawaka, za mbele karibu zote zimezima. Sasa wapangaji wa chini nao wamesikia, wanataka niwawekee.

FundiKaloleni
Waweke wenyewe mkuu! LUKU ni zao, akiba ni yao. Ukiwa na huruma, nunueni kwa pamoja mpate bei ya jumla, kila mtu alipe zake. Juu anza na ofisi za nyuma na ya daktari, hizo ndizo zinazokutafuna. Tyubu nzima utakazotoa huko ziwe spea za ofisi za mbele.

MwalimuFizikia
Spea ni sawa, ila mzee asizinunue kwa katoni. Chini ya Mkataba wa Minamata wa zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi ifikapo 2027. Zebaki ndiyo sababu. Kwa hiyo mbovu zisivunjwe wala kuchomwa nyuma ya jengo, zirudishwe kwenye maboksi yake mpaka apatikane mtu wa taka hatarishi. Ikivunjika ofisini, fungueni madirisha mtoke kwanza, kisha vipande vizolewe kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi. Fagio inatawanya zebaki.

MsimamiziJengo
Sawa mwalimu. Fundi anaanza korido Jumamosi, ofisi zikiwa zimefungwa.