Kufunga PDF ya kitabu kunazuia wizi kweli?

Kiboriloni_Moshi: Wakuu, naomba ushauri. Nina kitabu cha kilimo cha parachichi, kurasa 96, nataka kukiuza kwa WhatsApp, 8,000/=. Hofu yangu ni magrupu. Niweke nywila, au nilipie mfumo wa kufunga mafaili?

Fundi_Sakina: Mkuu, PDF ina nywila mbili. Ya kufungulia ni imara ikiwa ndefu, ila mnunuzi unampa mwenyewe, naye ataituma grupuni pamoja na faili. Ya kuzuia kuprinti na kukopi ni ombi tu kwa programu ya kusomea. Programu isiyotii inaipuuza, na zipo za bure zinazoiondoa kwa sekunde. Hiyo usiilipie.

Njiro_Vitabu: Mifumo ya Adobe na Kindle hufunga faili kwa akaunti ya mnunuzi. Inamzuia anayefowadi bila kufikiri, basi. Mwizi anapiga picha za skrini kurasa zote 96, na nakala moja ikishavuja bila kufuli, kufuli za nyingine hazina kazi. Anayeteseka ni mteja halali: kabadili simu, kitabu hakifunguki, anakupigia wewe. Wachapishaji Tor Books wa Marekani waliondoa kufuli mwaka 2012, na mwaka uliofuata wenzao wa Tor Uingereza wakasema hawajaona wizi ukiongezeka. Ila wasomaji wao wamezoea kununua kwa kadi mtandaoni. Kwetu kitabu kinahamia grupuni kwa kubofya mara moja, kwa hiyo usiache wazi kabisa.

Fundi_Sakina: Hapo ndipo alama ya mnunuzi inasaidia. Andika jina lake na tarakimu 4 za mwisho za simu (si namba nzima, likivuja utakuwa umemwanika) kwenye kijachini (mstari wa chini) cha kila ukurasa, kisha urudie ndani ya aya mbili tatu katikati ya kitabu, maana kijachini hukatwa kirahisi. Fanya yote kwenye Word kabla ya kutoa PDF. Alama iliyobandikwa baadaye juu ya PDF hukaa peke yake na kufutika kwa mkupuo. Kila mnunuzi faili lake, tarehe daftarini. Usitume linki ya Drive ya "yeyote mwenye linki".

Kiboriloni_Moshi: Na likivuja?

Njiro_Vitabu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, hata bila usajili. Sajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) hata hivyo, ushahidi unakuwa mwepesi. Hifadhi picha ya grupu, jina la admini na tarehe kabla hujamwandikia mtu, kwa sababu wakishtuka wanafuta.