Mrejesho: Breki za nyuma za pikapu, kutoka dramu kwenda diski

Ndugu zangu, mtakumbuka niliwauliza iwapo inafaa kuondoa dramu za nyuma (breki za ngoma, ambazo viatu vyake husukumwa ndani ya ngoma ya gurudumu) na kuweka diski kwenye pikapu yangu ya zamani ya Land Cruiser, inayobeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa kuwa kila ilipoingia majini kando ya ziwa breki zilipotea hadi dramu zikauke. Kazi imekamilika, nami nawashukuru kwa dhati.

Kufunga kalipa, yaani vifaa vinavyobana pedi kwenye diski, hakukutusumbua. Kilichotutesa siku mbili ni pedali, ambayo ilizama hadi nusu kabla ya gari kushika ingawa tulitoa upepo kwenye mabomba ya breki mara nne, mpaka fundi alipotambua kwamba pistoni kubwa za kalipa zinadai mafuta ya breki mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Tulifunga masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa) yenye kipenyo kikubwa zaidi, tukihakikisha haina ile vali inayobakiza mgandamizo kwa ajili ya dramu, kwa sababu ingeziacha pedi zikisugua diski muda wote.

Aliyenionya kuhusu handibreki alikuwa sahihi kabisa: ya kwangu ilikuwa ndani ya dramu, hivyo nililazimika kutafuta kalipa zenye mkono wa kuvutwa na waya wa handibreki, na hizo ndizo zilizonigharimu zaidi. Jana, nikiwa na mzigo kamili, niliisimamisha pikapu kwenye mteremko wa Bugando kwa handibreki pekee. Ilisogea kama upana wa kiganja, kisha ikatulia. Waya bado unahitaji kukazwa kidogo, na fundi ataushughulikia Jumamosi.